Marehemu Afelishwa Kiingereza

Saa tatu asubuhi mwalimu wa Kiingereza alikuwa akiimba peke yake kwenye stoo ya vitabu. Ndivyo alivyofanya utafiti wake wa matamshi ya kale: huchukua wimbo wa kale wa Waingereza, akatafuta vina ambavyo siku hizi havipatani, akaviimba hivi na vile mpaka vipatane. Vikipatana, basi wenyewe walitamka hivyo. Miaka kumi ya kuimba stoo ilimfundisha kwamba watu wale walizitamka herufi zote walizoziandika, kama wanafunzi wake tu.

Siku hiyo alipoupatia ubeti wa tatu, aliingia mpiga chapa Mwingereza, marehemu wa tangu miaka mia nne iliyopita, vidole vimejaa wino.

"Ndivyo hasa, mwalimu," alisema. "Ila hapo mwisho shusha sauti kidogo."

Mwalimu akamvutia kiti.

Saa nne ulikuwepo mtihani wa matamshi. Walimu walitakiwa kurudia maneno ya kaseti, na atakayefeli, darasa atalisikia kwa jirani. Mwalimu alilipenda darasa lake, asikwambie mtu. Akaenda na mgeni wake.

"Na huyu?" mkaguzi wa mtihani aliuliza.

"Mwenye lugha."

Fomu haikuwa na nafasi ya tarehe ya kifo, kwa hiyo mkaguzi akaiandika pembeni. Marehemu alirudia maneno kumi, r zake zikinguruma, asiache herufi nyuma. Akapata alama mbili.

"Mzee, lafudhi ya nyumbani inakusumbua," mkaguzi alimwambia kwa upole. "Jitahidi kusikiliza redio."

Marehemu akaomba radhi. Hapo ndipo mwalimu alipokasirika, akakasirika kweli. Kaseti ile aliijua nje ndani. Angeweza kuiiga hadi kikohozi chake. Zamu yake ilipofika aliyasema maneno yote kumi kama wanavyoyasema watoto wa darasa lake.

"Mwalimu, umefanya makusudi."

"Ndiyo. Andika."

Mkaguzi akaandika, kisha akampa barua ya kumtoa darasani kuanzia Jumatatu. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mwalimu akaisoma yote kwa sauti, mbele ya wenzake waliopanga foleni, herufi kwa herufi, na mkaguzi akamkosoa kila neno mpaka sahihi ya mwisho.

Alipomaliza, mwalimu akaanza upya.