Jina Kamili na Anwani

Katika mji wetu wa mahindi na nguruwe huku Iowa, Marekani, anayetaka kusema mbele ya bodi ya shule husimama kwenye maikrofoni, hutaja jina kamili na anwani, kisha hupewa dakika tatu. Ndiyo desturi, na sisi tunapenda desturi kuliko tunavyopendana.

Jioni ile ya Machi bodi ilikuwa na sera mpya mezani. Waliipa jina tamu: Usawa kwa Kila Mwanafunzi. Maana yake ni kwamba mwanafunzi ataitwa jina la cheti cha kuzaliwa tu, darasani na siku ya mahafali, hata mlezi wake akiomba vingine. Wilaya nzima ilikuwa na mwanafunzi mmoja wa kuguswa nayo, na ukumbi mzima ulimjua. Emmett Stroh alizaliwa msichana, akaitwa Brynn. Tangu darasa la tisa anaishi kama mvulana. Bibi yake, Arlene, ndiye aliyemlea. Ilimchukua mwaka mzima kuzoea, akazoea. Sasa saratani ilikuwa inammaliza, na alitaka jambo moja tu: asikie jina la Emmett likiitwa jukwaani kabla hajafa.

Aliyetangulia kusema ni Buck Tiedeman, mfuga nguruwe, kuisifu sera. Cheti chake kinasema Leland, lakini tangu utotoni ni Buck.

"Buck Tiedeman, na ninakoishi mnakujua," akasema. Watu wakacheka, na mwenyekiti, Bi Lorna Haverkamp, akacheka nao.

Akafuata Emmett, amefunga tai ya marehemu babu yake. Akasema yeye ni Emmett Stroh, wa Mtaa wa Kinu. Taa ya kijani ya kupimia zile dakika tatu ikawaka, muda ukaanza kwenda.

"Jina kamili, mwanangu," alisema Bi Haverkamp kwa sauti ile ile aliyomfundishia nyimbo za kanisani.

"Ndilo hilo."

"Hilo sisi hatulitambui. Taja la kwenye cheti, ndipo tukusikilize. Sheria ni ya wote."

"Mbona Buck hamkumuuliza?"

"Buck ni Buck, bwana," mtu akadakia kutoka nyuma, na vicheko vikaanza upya, vikila dakika zake.

Taa ikageuka njano. Mimi, mpishi wa shule, nilikuwa nimekaa karibu na meza ya keki, na nilitamani kumrushia mwenyekiti sinia zima usoni. Sikurusha. Emmett akageuka kumtazama bibi yake kwenye kiti cha magurudumu, na mtungi wake wa oksijeni ubavuni. Ilimbidi achague: ama alitamke jina lile mara moja aseme kilichomleta, ama arudi kukaa.

"Brynn Marie Stroh," akasema, kama mtu anayetapika. "Naombeni tu, bibi yangu..."

Taa nyekundu ikawaka.

"Muda wako umekwisha, mwanangu. Asante." Bi Haverkamp akawageukia wenzake. "Mmesikia wenyewe. Kalitamka kwa kinywa chake, hakuna aliyemkaba. Sasa tunabishania nini?"

Mikono yote ya bodi ikainuka, sera ikapita. Kisha tukala keki, na Bi Haverkamp mwenyewe akampelekea Arlene kipande.

Mwezi Mei nilidhani Emmett hatatokea kwenye mahafali. Alitokea, kwa sababu bibi yake alikuwa bado anapumua na alitaka walau kumwona akivuka jukwaa. Bi Haverkamp alisoma "Brynn Marie Stroh" polepole, analitafuna vizuri. Buck akapiga mluzi. Pale mstari wa mbele Arlene aliivua ile mipira ya oksijeni puani, akafumbua kinywa aite Emmett, lakini pumzi haikutosha, na makofi yetu yakammeza.

Bi Haverkamp akampa mjukuu mkono. "Hongera, binti yangu."

Na yeye, kwa adabu ile tuliyomfundisha mji mzima, akasema asante.