Alitua Juu ya Nini

...nisamehewe kwa kuisimulia vibaya, sijui nani anisamehe, kichwani humu nipo peke yangu na hata mimi sina huruma, ila mtu aliyefunzwa vichekesho vya jukwaani angeanza na nzi, avute pumzi, ndipo alete kisigino, mimi kisigino kimeshanitoka... basi nzi, nzi yuko kwenye skrini, mkubwa kama ng'ombe, kijani cha kung'aa, vinyweleo mgongoni kama brashi ya choo, na mdomo ule, uwii, sponji la nyama linalotapika kwanza ndipo linyonye matapishi yake, miaka kumi na tisa natambua nzi kwa picha wanazotutumia watu na bado chai yangu naifunika na sahani, na huyu nimempiga picha mwenyewe, Jumapili, kwa Mama, nzi mdogo wa mwituni asiyezidi punje ya mchele, nimetamba naye ofisini wiki nzima, sasa Bi Miwani wa meza ya pili anajaza fomu, "Mzee wa Nzi, jina lake?" nimemtajia, "Dume au jike?" jike, dada, tazama macho yalivyoachana, madume macho yao hugusana utosini kama wapenzi kwenye benchi, "Acha vituko. Alitua juu ya nini?" juu ya... papai bovu, nilitaka kusema, maana niliyemkumbuka ni nzi tu, nikaikuza picha, kumbe chini ya vile vijiguu vyake pana kitu cha kijivu chenye mipasuko, kingo nyekundu, pamelowa, na papai halina malaika ya ngozi, papai halivai kandambili, ule pembeni ni ukingo wa kandambili ya bluu, nilimnunulia mwenyewe... Yarabi, kisigino cha Mama, Mama wa kisukari, ambaye miguu yake haisikii tena moto wala msumari, "Mzee, umelala?" silali, nakumbuka, nilipiga magoti mbele ya kiti chake, ndiyo, mtoto mwema wa kupiga magoti, jirani angepita angetoa machozi, nikamwambia tulia Mama, usiusogeze mguu, hivyohivyo, naye akatulia kama mtoto anayenyolewa, akaniuliza taratibu, "Umekiona, mwanangu?" Umekiona, alisema, kidonda, sijui alikuwa akikaa nacho wiki ngapi, kumsumbua mtu hataki, akingoja nikione mwenyewe, ki, ki, sarufi ya darasa la tatu, na mimi, bingwa wa kutenganisha nzi wawili kwa unywele mmoja wa begani, nikajibu, "Nimemwona, Mama! Mzuri ajabu!" nikacheka kile kicheko changu cha kutikisa mabati, naye akacheka kidogo, cha kunisindikiza, akauvuta mguu chini ya kanga... "Niandike papai basi?" ngoja, dada, ngoja, leo Ijumaa, na jike wa ukoo ule hatui kwenye nyama ya hivyo ili apumzike, anatafuta pa kutagia, mayai yanaanguliwa kwa siku moja, Jumapili, Jumatatu, Jumanne... funza hao wa ndani ya kidonda nimeshawapiga picha pia, kwa watu wengine, weupe, wanene, wanasukumana kama watu mlangoni, na kichefuchefu kinanipanda sasa lakini si kwa ajili yao, wao wanakula tu, ni kile kicheko, ni lile "mzuri ajabu" langu, ningeweza kulitapika nilione chini pale na meno yake... simu hii hapa, namba yake ndiyo ya kwanza, nakuja Mama, nakuja sasa hivi, twende hospitali, nimekiona, sema nimekiona, pumbavu we, "Mzee wa Nzi! Juu ya nini?" kisanduku bado kitupu, Bi Miwani vidole juu ya kibodi, na mdudu ananitumbulia macho yake yaliyoachana, wala simlaumu, yeye alikinusa kidonda cha mama yangu tangu nje ya ukuta, mimi nilikuwa sentimita nane, tena na lenzi ya kukuzia.