Kimo cha Wastani

Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2024, saa nne na robo asubuhi, mvua nyembamba ikinyesha bila upepo, maji ya Mto Kilombero yaligusa alama ya mkaa ambayo Mwalimu Melkiori alikuwa ameichora kwenye nguzo ya dungu lake, kibanda cha kuamia ndege kilichoinuliwa juu ya nguzo, katikati ya shamba la mpunga, nje ya Mchombe.

"Yamefika," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeyapangia maji ratiba. "Sasa yatasimama."

Mkewe Fausta alikuwa ameketi juu ya gunia la mbegu, goti lake lililovimba amelinyoosha. Kwa goti hilo asingeweza kupiga hata hatua kumi majini. Jumanne majirani wote walikuwa wamehamia kwenye mwinuko wa barabara. Dionisi, mvuvi, aliwaletea mtumbwi hadi chini ya ngazi, na Melkiori akamjibu kwamba nyumba yenye ripoti haihitaji uvumi.

Ripoti hiyo ilitumwa na binti yao Agnella, karani mjini Ifakara, pamoja na riwaya moja. Zote mbili zilihusu mabadiliko ya tabianchi. Melkiori, aliyelelewa na shule ya bweni ambako shuka lisilonyooka lilihesabiwa kuwa kosa la jinai, aliisoma ripoti kwa rula na penseli, na humo ndimo alimoipata alama yake ya mkaa. Riwaya hakuigusa. Watu ambao hawakuzaliwa, alisema, hawawezi kufa maji.

"Basi nisomee hiyo ya uongo," alisema Fausta. "Ya kweli umeshanisomea mara tatu, na bado tumekaa hapa kama kuku kwenye tenga."

Akasoma, kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda. Ilikuwa habari ya mzee wa kisiwani aliyechonga alama ukutani mwa nyumba yake, akawakataza wanawe kuondoka hadi maji yatakapoipita. Maji yakaifikia mchana. Mzee akatabasamu. Ukurasa uliofuata, maji yalikuwa kitandani.

"Mbona umeacha?"

"Nageuza ukurasa."

"Huyo mzee namfahamu. Nimempikia miaka arobaini na moja."

Melkiori akaifungua ripoti kwa hasira, ili amwonyeshe. Kidole kikafuata mstari: kimo cha mafuriko, wastani wa miaka thelathini. Akaliangalia neno hilo kama mtu aliyekuta jina lake katika orodha ya waliofeli. Wastani. Miaka thelathini imejumlishwa, ikagawanywa. Mingine chini ya alama, mingine juu yake. Naye alikuwa ameuchukua wastani akaufanya kilele. Akainama kuitazama nguzo. Mkaa haukuonekana tena, na ngazi ilibakiwa na vidato vitatu.

Mbali, upande wa barabara, mtumbwi wa Dionisi ulikuwa ukivusha magunia. Filimbi ya shule ilining'inia shingoni mwa Melkiori. Kwa miaka thelathini na miwili ilikuwa imewaamuru wengine, haikuwahi kuomba.

"Piga, Baba Agnella," alisema Fausta kwa upole. "Goti langu halijui kusoma."

Akapiga. Akapiga tena. Maji yalikuwa yamebakiza kidato kimoja Dionisi alipofika, akauzuia mtumbwi kwa upondo, mti wake mrefu wa kusukumia.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dionisi, mwaka wa tisini na nane nilikuchapa viboko sita. Niliuliza wastani, wewe ukaandika namba iliyo kubwa kuliko zote."

"Nakumbuka. Sikukaa kitako hadi Jumamosi."

"Kosa hilohilo nimelifanya mimi. Kwa mkaa." Melkiori akanyoosha kiganja. "Nalipa. Fimbo unayo mkononi."

Dionisi akatazama kule kwenye mkondo, ambako vichwa vyeusi viliibuka, vikapumua, vikazama.

"Viboko wa leo ni wale pale, Mwalimu, na hawajui kuishia sita. Mama, nipe mkono. Gunia linabaki."

Fausta akashushwa polepole, riwaya ameifunga ndani ya khanga kifuani. Melkiori akafuata, akasimama wima katikati ya mtumbwi kama yuko kwenye gwaride la asubuhi, kiganja bado kimenyooka.

"Sipendi kudaiwa, Dionisi."

"Silipokei deni hilo," alisema Dionisi. "Keti, utatupindua."

Melkiori akaketi.