Shoti ya Mume Wangu

Kazini mimi ni mwalimu wa walinzi, na mume wangu ni mlinzi. Nyumbani vyeo vinabadilika, inategemea nani kaamka vibaya.

Kampuni ilipoleta vifaa vya shoti ya umeme vya kuwaangusha wahalifu, ilileta na masharti. Hakuna kumpiga mtoto, mjamzito, wala mtu aliyekwisha kutulia. Na lile lililowatoa walinzi jasho: habebi kifaa mtu ambaye hajapigwa shoti yeye mwenyewe, ili ajue anachomgawia mwenzake. Asiyebeba hakai tena getini. Mume wangu yuko geti la hospitali tangu mtoto wetu wa kwanza yuko tumboni, na analipenda kupita kiasi.

Siku ya zoezi tulitandika godoro ukumbini. Wenzake wawili walimshika mikono asije akaanguka vibaya. Nikamuuliza kama nilivyowauliza wote.

"Una tatizo lolote la moyo?"

"Sina."

Akatazama dari. Siku hizi ngazi za nyumbani zinamkata pumzi. Husimama katikati akajifanya anaongea na simu. Nikimuuliza, ananijibu kwamba ni uzee, eti hata mimi utanifika.

Nikauliza tena.

"Nimesema sina, mwalimu. Bonyeza tumalize, watu wana njaa."

Wenzake wakacheka. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Nikikataa, nimemng'oa getini mbele ya wenzake. Nikibonyeza, huenda nisirudi naye nyumbani.

"Mwachieni," nikasema. "Huyu haruhusiwi. Moyo wake una shida, mimi ninaishi naye."

Wenzake wakamwachia mikono. Alinitazama kana kwamba nimemvua nguo, akatoka.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, ameketi kwenye kreti la soda, kofia ya kazi mapajani.

"Umeniaibisha, mke wangu."

"Nimekuaibisha. Nuna hata mwaka mzima, mradi unune ukiwa hai."

"Na geti?"

"Geti litapata mtu. Mimi nitampata wapi mwingine?"

Aliipapasa kofia.

"Nilikuwa naogopa," akasema mwishowe. "Nilipoona ni wewe umekishika kile kifaa, nikasema potelea mbali, mkono wako hauwezi kunidhuru."

Maneno hayo yalinichoma. Nampenda mtu huyu, na nusura nimmalize mwenyewe. Nilinyoosha mkono nimshike bega, ukanishinda kwa kutetemeka. Akaudaka, akaufunika kwa viganja vyake viwili.

"Mbona unatetemeka hivi? Kwani aliyepigwa shoti ni nani?"

Nilicheka, halafu nikalia kama mtoto, na sare yangu mwilini. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Haya, twende kwa daktari," akasema. "Ila wewe ndiye utakayemweleza. Mimi nitadanganya tena."