Maji Yasiyogusa Bati

Jumatano, tarehe 8 Novemba 2023. Buguruni iliamka imelowa. Mvua ilianza baada ya swala ya isha, ikapiga bati usiku kucha, na kulipopambazuka yalikuwa yamebaki manyunyu tu, pamoja na wingu moja la kijivu lililotanda chini juu ya mapaa yote hadi upande wa Temeke.

Nilikawia juu ya mswala. Mvua ikinyesha huwa sina haraka ya kunyanyuka, naona kama mbingu imeshuka karibu na ni utovu wa adabu kuipa kisogo. Nilifumba macho nikisikiliza maji mferejini, na moyoni nikaiona bahari. Sikuiona ile ya ufukweni. Niliiona bahari ya ramani ya Mwalimu Fredrick wa chuoni, nyekundu upande wetu na buluu upande wa Indonesia. Alitueleza kwamba mwaka huu maji ya upande wetu yamepata joto kupita desturi, na hewa inayopaa juu yake inabeba mvuke mwingi, kisha inautua kwetu. Tangu siku ile kila nikisujudu nauona mvuke huo ukipanda taratibu kama moshi wa udi, na chetezo chenyewe kikiwa kipana kuliko macho yangu.

Nimeshavuka hamsini. Shule niliiacha kidato cha pili nikae dukani, duka la vitambaa ambalo babu yangu alilifungua karibu na soko. Wanangu walipokwisha kusimama wenyewe nikarudi kusoma, jioni kwa jioni, hadi nikafika chuoni, darasa la mwanzo la sayansi ya dunia na hali ya hewa. Watu huniuliza kwa nini somo hilo. Maisha yangu yote nimeomba mvua. Nilitaka kujua ninachokiomba kinatoka wapi.

Kutaka ni kitu kimoja, kufaulu ni kingine. Jaribio la kwanza nililifeli vibaya. Mwalimu aliniita pembeni akaniambia kwa upole kwamba kitakachonibakiza darasani ni zoezi la vipimo. Kila mwanafunzi alipewa kopo la plastiki lenye mistari ya milimita, akaliweke nyumbani kwake mahali pa wazi, asome mvua kila siku saa tatu asubuhi. "Msimu mzima, mama," alisema. "Pasiwe na siku tupu. Ikiwa tupu, tutaonana mwakani." Mwakani kwangu ni mbali. Mama yangu ni mzee, duka linanihitaji, na nilijua nikitoka sitarudi.

Basi saa tatu ilipofika nilitoka uani na kalamu yangu, nikikanyaga madimbwi, nimejawa na furaha ya kitoto. Mvua ya usiku kucha! Nikainama.

Kopo lilikuwa limepinduliwa mdomo chini, na nilipoligeuza lilikuwa kavu. Lilikuwa limefutwa hata ndani, linang'aa.

Mama yangu, Bi Huda, alikuwa jikoni anakoroga uji. Pembeni yake sahani nyeupe imeegemezwa ukutani, ukingo wake bado una wekundu wa zafarani. Niliingia na kopo mkononi.

"Mama, nani kagusa chombo changu cha mvua?"

"Mie." Hakugeuka. "Shaima kashikwa na uchungu tangu jana, wamempeleka hospitali. Mama yake kaja hapa kabla ya adhana, kalowa chapachapa, analia. Ningempa nini, maji ya bomba?"

Shaima ni binti wa jirani yetu Chausiku, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mama alikuwa amemwandikia kombe: dua kwa zafarani na marashi juu ya sahani, zikaoshwa kwa maji, maji yakatiwa chupani, na Chausiku akaondoka nayo ameifumbata kifuani. Mama amefanya hivyo tangu sijazaliwa. Daktari ana yake, husema, na sisi tuna yetu, na mwenye kuponya ni mmoja.

"Lakini ndoo zimejaa pale nje, Mama!"

"Za ndoo zimepita kwenye bati. Bati lina kutu, lina mavi ya kunguru. Kombe linataka maji yaliyotoka juu yasiguse kitu." Sasa akageuka, mwiko mkononi. "Wewe mwenyewe ukaja na chombo chako ukakiweka katikati ya uwanja, mbali na paa, mbali na mpapai. Ukanikataza hata kuanika kanga karibu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, safari hii mwanangu wamemfundisha jambo la maana."

Maneno yale yalikuwa ya Mwalimu Fredrick, neno kwa neno, isipokuwa kunguru.

"Yalikuwa kiasi gani?" nikauliza.

Akafikiri. "Yalitosha."

Siku nzima dukani nilipima vitambaa nikiwa mbali. Mteja alitaka doti mbili za kanga, nikampa tatu. Nilikuwa nayafuata yale maji. Nilihesabu safari yake kuanzia baharini, jua lilivyoyanyanyua bila mkono, upepo ulivyoyaleta juu ya watu waliolala, na jinsi katika uwanja mzima wa Mungu yalivyochagua mdomo wa kopo langu. Kutoka hapo yakapita juu ya maandishi mekundu, yakaingia katika koo la mwanamke anayezaa. Niliona haya kulia kwa ajili ya alama za darasani, lakini machozi yalinilenga hivyo hivyo. Nilipiga dua: Mola wangu, msahilishie Shaima, na mimi usinitoe.

Jioni, baada ya kuswali magharibi katika kona ya ukumbi wa chuo, niliingia darasani. Ukutani palibandikwa ramani kubwa ya vitongoji vya jiji, na kila mwanafunzi ana duara lake la kujaza.

"Haya, Segerea," Mwalimu akasema.

"Sabini na mbili," akajibu Albano, kijana fundi wa kuchonga milango ambaye huja na vumbi la mbao nywelani. "Kwetu hata bata walikuwa wanaomba hifadhi."

"Gongo la Mboto?"

"Thelathini na nane," akasema Editha. Huyu ni muuguzi, hukaa karibu nami na hunitania kama mwanawe. "Sie mvua ilitupitia tu, ilikuwa inawahi kwa kina Albano."

Watu wakacheka. Mwalimu akatuonyesha jinsi wingu moja linavyoweza kulowesha mtaa na kuuruka mwingine, na ndiyo maana kila duara lina thamani. Kisha akaninyooshea kalamu.

"Buguruni. Mama, karibu."

Nilipopita, Albano akaninong'oneza. "Bi Wahiba, mbona umepauka? Hukupima? Weka hamsini na tano, ipo katikati. Mvua haitoagi risiti."

Nilisimama mbele ya ramani. Mkono wangu ulikuwa umeinuka tayari, na hamsini na tano ilikuwa pale kwenye ncha ya kalamu, tarakimu mbili tu, hakuna ambaye angeuliza. Kando ya ramani kulikuwa na mchoro wa mzunguko wa maji, mishale yake ikipanda kutoka baharini, ikivuka mawingu, ikishuka mlimani, ikirudi kwa mto. Niliutazama mchoro ule hadi mishale ikaanza kutembea. Nikaona hakuna hata mmoja unaopita ndani ya mtu. Nikaiweka kalamu mezani.

"Mwalimu, sina kipimo. Maji yamenywewa."

Kicheko kilichotoka kilitikisa madirisha. Mwalimu hakucheka. Nikamweleza yote, Chausiku, Shaima, sahani, mpapai. Nilipofika kwenye kunguru hata yeye akainamisha uso.

"Asante kwa kutoweka namba ya uongo," akasema baadaye. "Siku moja tupu naweza kuiandikia sababu, nikaibeba mimi. Mbili siwezi. Na mvua kubwa bado zinakuja, mama, na wagonjwa hawakosi. Nitajuaje kwamba kesho hayatanywewa tena?"

"Mpigie bibi," Editha akasema. "Weka sauti ya nje. Mwenye maji aseme mwenyewe."

Simu iliita kwa muda mrefu. Mama hupenda kwanza kumaliza uradi wake wa baada ya swala.

"Nani anapiga saa hizi?"

"Mimi, Mama. Niko darasani. Wote wanakusikia."

"Shikamoo, Bibi!" darasa zima likaamkia, kama watoto wa chekechea.

"Marahaba, marahaba, wanangu. Loo, mko wengi. Wahiba, Shaima kajifungua adhuhuri. Binti. Wazima wote wawili."

Nikasema alhamdulillahi, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema Mungu ni mwema, na Editha akapiga kigelegele kimoja kifupi kilichomshtua hata yeye. Mwalimu akasogea karibu na simu, akajitambulisha, akampongeza, kisha akamweleza kwa heshima haja yetu: maji ya kopo yasiguswe kabla ya saa tatu asubuhi, la sivyo Wahiba atapoteza darasa.

"Na mgonjwa akija kabla ya saa tatu?"

"Muamshe Wahiba asome kwanza, aandike na saa. Hapo yachukue."

"Hilo si gumu. Mngeniambia mapema. Baba, hebu nami nikuulize. Hiyo saa tatu mkishasoma, mnayafanyaje?"

"Tunayamwaga, Bibi, chombo kianze upya."

"Mnayamwaga."

"Ndiyo, Bibi. Ndivyo inavyofanyika."

"Wahiba!"

"Abee, Mama."

"Nilikuwa nikikuona. Unainama, unaandika, halafu unamimina mferejini. Kila siku nikisema labda kasahau, labda kesho atakumbuka." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Watu wanakesha kuomba rehema ishuke. Nyie mmeipokea katika chombo safi, mmeijua ni kiasi gani, kisha mnaitupa kwenye maji machafu? Hivyo ndivyo wasomi wanavyofanyaga?"

Albano alikuwa anatazama mikono yake. Nje manyunyu yalikuwa yameanza tena, laini kama mtu anayechuja mchele, na nikafikiria makopo yetu yote, Segerea, Gongo la Mboto, Temeke, yamesimama gizani mdomo wazi, yanapokea.

"Bibi," Mwalimu akasema hatimaye, "mie mwenyewe sikuwahi kufikiri hivyo."

"Sasa umefikiri. Haya, mimi nimeahidi: sitagusa hadi asome, inshallah, mmenisikia. Na yeye je? Naye aseme, nyie ni mashahidi."

Editha akanisukuma begani. "Simama, mama. Sema kwa sauti, na wa nyuma wasikie."

Nikasimama, simu nimeishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.

"Mama," nikasema, "mbele ya Mwalimu na mbele ya wenzangu hawa wote, Waislamu na Wakristo, naahidi: nikishasoma kipimo sitamwaga hata tone moja. Nitayaleta mkononi mwako kila siku mvua itakaponyesha, inshallah, na nitakuambia ni kiasi gani."