Nne Kupanda, Nne Kushuka

Mke wangu ni malenga, mimi ni fundi wa friji. Kazi yangu katika ushairi ni kukanda nyayo.

Msicheke. Mke wangu ana baridi yabisi, na kwa miaka mingi nyayo zake zilikuwa zikiwaka kila jioni kama aliyekanyaga makaa. Nikitoka karakana nilikuwa nanawa grisi, napasha mafuta kidogo, nakaa sakafuni na kuiweka miguu yake mapajani mwangu. Mimi nakanda, yeye anatunga. Kila silabi, gumba langu linabonyeza mara moja: nne kupanda kutoka kisiginoni hadi vidoleni, nne kushuka. Hapo kipande cha mstari kimetimia. Gumba likirudi kisiginoni naye bado anasema, namwambia, "Malenga, umezidisha." Akimaliza gumba liko njiani, "Umepunja." Ananitukana kidogo, kisha anarekebisha. Beti zake zote zilipitia hapo, hata zile zinazosomwa redioni na watangazaji wenye sauti za asali.

Mwaka huu daktari alimbadilishia dawa. Haikupita muda, nikamsikia anapanda ngazi huku akiimba. Akatoa kabatini viatu vyenye visigino, akavivaa kwenda kununua vitunguu! Nilimshukuru Mungu mpaka maneno yakaniishia. Jioni nikirudi namkuta jikoni, kasimama wima, na kabla sijavua viatu ananifukuza: "Nenda katazame mpira wako, Fundi. Sina mgonjwa wa kukupa leo." Nami nikatazama mpira. Ningekataa nina kichaa?

Beti zikakoma. Mwanzoni alisema anapumzika. Baadaye akawa hasemi kitu, anakaa tu dirishani na kalamu mkononi, kisha anaondoka kwenda kupiga pasi nguo ambazo zimeshapigwa pasi.

Asubuhi moja nikamwona anashuka kitandani kwa kushikilia kabati. Vidole vimevimba.

"Dawa imeisha?" nikamuuliza.

"Haijaisha. Nimeiacha."

"Daktari kakuambia?"

"Nimejiambia mwenyewe." Hakunitazama. "Beti zilikuwa zinatoka kwenye yale maumivu, Fundi. Yameondoka, yameondoka nazo. Bora niumie nitunge."

Hasira ni hasara, najua, lakini yangu haina breki. "Basi ngoja nilete nyundo nikugonge magoti, utoe diwani nzima!"

Hakucheka. Akaniuliza polepole, "Na wewe, siku mikono yako ikisahau kazi, utafanya nini?"

Nikakaa kando yake, na sauti iliyonitoka sikuitambua. "Mimi nilikuoa wewe. Beti nilizikuta ndani. Zikitaka kuhama zihame, wewe ubaki. Siwezi kukuona unashikilia kabati, mke wangu. Siwezi."

Kisha akachukua chupa ya dawa, akameza kidonge mbele yangu. "Haya," alisema. "Kwa ajili yako." Nikaenda kazini bila kunywa chai, na kutwa nzima nilikaza skrubu ileile. Mtu ameacha kitu anachokipenda kuliko usingizi, ili mimi nisiumie kwa kumwona akiumia. Nani mwingine duniani amewahi kunifanyia hivyo?

Uvimbe ulishuka. Visigino vikarudi, nyimbo hazikurudi. Jioni moja nikawa natafuta sukari kabatini, mkono ukagusa ile chupa ya mafuta ya kukandia. Kifuniko kilikuwa kimeshika vumbi. Nilisimama pale nikiwa nimeishika, na mpira unapigwa kule sebuleni. Nikajiuliza mara ya mwisho kuketi miguuni pa mke wangu ilikuwa lini, sikukumbuka. Nikazima televisheni, nikapasha mafuta.

"Leo haiumi," alisema aliponiona nakaa sakafuni.

"Nani kauliza kama inauma? Lete miguu."

"Fundi, una wazimu." Lakini aliileta.

Nikaanza kukanda. Vidole vyangu vilikuwa vimezubaa kidogo. Nikamsimulia kuhusu mteja aliyelalamika friji yake inanuka, kumbe anahifadhi viatu vya mumewe mle ili asitoke. Akacheka mpaka akajifuta machozi. Naye akanisimulia mambo ya dada yake, kisha akafumba macho. Gumba langu, kwa mazoea tu, likawa linakwenda zake: nne kupanda, nne kushuka.

Halafu nikamsikia, taratibu:

"Maumivu nenda huko, nimechoka kukulea,
Beti hazikuwa zako, mwenyewe ametokea."

Gumba lilitua kisiginoni pamoja na silabi ya mwisho. Nilishindwa kuinua kichwa. Namshukuru yule daktari kila siku. Hata hayo maumivu nayashukuru kwa jambo moja: ndiyo yaliyonikalisha sakafuni pale mara ya kwanza. Lakini safari hii nilikaa mwenyewe.

"Nimepunja?" aliuliza.

"Hujapunja. Hujazidisha." Nikafuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na mafuta. "Ngoja nikakuletee kalamu."

"Thubutu!" Akanisukumia mguu wa pili. "Ubeti una mistari minne. Miwili imebaki huku."