Mafuta Yaliyokunywa Dawa ya Mgongo

Umeshaanza kutazama pembeni. Hata hatujafika popote, nawe unatafuta ukurasa wenye maneno matamu. Ndivyo ulivyofanya dukani ulipoambiwa manukato yale ni ghali kwa sababu ya maua: ukatikisa kichwa, ukanusa kifundo cha mkono, ukaenda zako.

Mama Vioo hakuwa na pa kutazama ila chini. Miaka kumi na tisa aliinama katika chumba kisicho na dirisha, akipaka mafuta meupe juu ya vioo na kulaza yasmini moja moja, uso chini. Mafuta hunyonya harufu. Kesho yake maua yaliyochoka hubanduliwa kwa vidole, mapya hulazwa, na hivyo hivyo siku thelathini, mpaka mafuta yashibe. Kisha huoshwa kwa spiriti, na chumba kizima cha vioo hutoa kichupa kimoja cha manukato kinachojificha ndani ya ngumi.

Ila mafuta hayo hayachagui. Hunyonya chochote. Ndiyo maana mle ndani ni marufuku sabuni ya kunukia, kitunguu, na dawa ya kuchua.

Siku ya ishirini na saba mgongo wake uligoma. Hata viatu vilimshinda kuvua. Wifi yake, aliyeishi naye nyumba moja na kufanya naye kazi meza moja, akamchua kwa dawa kali ya kafuri.

"Lala vizuri. Unajikunja kama waya."

"Na wewe una mikono ya kupasulia kuni, wifi."

"Nishukuru, usinitukane."

Asubuhi Mama Vioo alioga mara tatu. Akajinusa, akamnusisha wifi. Hakuna aliyesikia kitu. Wangesikiaje? Pua zilizoshinda kwenye yasmini miaka yote hiyo zilishakufa ganzi. Wakaingia kazini.

Kesho yake msimamizi alipitisha pua juu ya vioo, akasimama. Kafuri tupu. Kazi ya mwezi mzima imekwenda na maji.

Akapitisha pua hiyo kwenye migongo ya wafanyakazi, kisha akamwita Mama Vioo mbele ya wote. "Mgongoni hukujichua mwenyewe. Nani humu alikuchua? Mtaje, ubaki. Usipomtaja, toka."

Wifi alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, anakwangua kioo ambacho kilishakwanguliwa.

"Wateja mnawaambia bei ni ya maua na mikono," alisema Mama Vioo. "Mikono ipi hiyo, baba? Hii inayonyimwa dawa?"

"Mikono imejaa tele pale langoni. Mafuta kama haya sina mengine."

"Basi na mimi sina jina la kukupa."

Akavuliwa aproni palepale. Wanawake thelathini waliinama juu ya vioo vyao, na wifi aliinama kuliko wote.

Na wewe umeinama nao. Wao wana watoto wa kulisha. Wewe una kisingizio gani? Mama Vioo amekaa nje ya lango hilo tangu asubuhi kwa sababu hawezi kutembea mpaka nyumbani, na ndani kuna migongo thelathini inayosubiri zamu yake. Inuka sasa hivi. Kasimame naye, gonga lango, mwite msimamizi atoke, na usibanduke hapo mpaka amrudishe kazini na kila aliye mle ndani aruhusiwe kutibiwa na kupumzika.